Uliza Kemia: Zabadi bila paka

Toleo lililopita tuliandika kidogo kuhusu manukato ya zamani na barua zikaja nyingi, nyingine za kutukana kidogo lakini poa tu. Nimechagua tano. Zote kwa njia moja au nyingine zinaangukia kitu kimoja ambacho sikutegemea wasomaji wangekiuliza, yaani namna ya kufunga molekuli iwe pete kwa kutumia alkaini, molekuli yenye kaboni mbili zilizoshikana mara tatu. Haya twende.

SWALI: Salaam aleikum mwalimu. Nina duka dogo la manukato hapa Mombasa, Mji wa Kale. Marehemu bibi yangu alikuwa na kichupa cha zabadi anakificha ndani ya sanduku la mvule, ukikifungua ukanusa hivi hivi ni uvundo mtupu, lakini akitia chembe kwenye mafuta yake ya udi harufu inakaa kwenye buibui siku na siku. Sasa kuna kijana ananiletea mzigo ananiambia eti siku hizi zabadi hakuna paka, Wajerumani wanaitengeneza maabara kwa kufunga pete, na ndiyo maana bei imepanda. Pete gani tena? Ananichezea huyu? — Bi Manukato, Mombasa

JIBU: Waalaikum salaam mama. Hakuchezei, ila kaokota habari mbili akazishona zikawa moja.

Zabadi ya bibi ilitoka kwa fungo, yule mnyama wa usiku anayekula kila kitu, wengine wanamwita paka wa zabadi japo paka hasa siye. Chini ya mkia ana tezi zinazotoa mafuta mazito ya manjano. Ethiopia wanawafungia kwenye vizimba vyembamba hata kugeuka hawezi, kila baada ya siku kadhaa wanamkwangua kwa kijiko, mzigo unashindiliwa ndani ya pembe za ng'ombe unasafirishwa. Fungo hafurahii zoezi hilo hata kidogo. Na jina la mnyama huyo kwa Wazungu limetokana na neno hilo hilo la Kiarabu tulilolichukua sisi, kisha kutoka jina la mnyama wakapata jina la kitu kinachonukia ndani ya mafuta, sivetoni.

Pete ndiyo hiyo sivetoni. Si ya kuvaa. Ni kaboni 17 zimeshikana mikono zikafanya duara moja kubwa, upande mmoja wa duara kuna oksijeni imening'inia, upande wa pili, karibu mkabala, kuna dabo bondi moja, yaani kaboni mbili zilizoshikana mara mbili. Basi, harufu yote ile ni hiyo. Leopold Ruzicka alipoonyesha umbo hilo mwaka 1926 akiwa Uswisi watu walipigwa butwaa, kwa sababu tangu 1885 kulikuwa na nadharia ya Adolf von Baeyer iliyowafanya waamini kwamba pete kubwa hivyo ingekuwa imejikunja vibaya mpaka isidumu. Kumbe fungo anazitengeneza kila siku na hajasoma nadharia ya mtu. Na miski ya paa nayo ni pete, ya kaboni 15. Ruzicka akapewa Nobel 1939.

Sasa kufunga. Hebu fikiria mkufu ambao bado haujafungwa, umelala mezani umenyooka. Kila ncha ina ndoano, na kila ndoano imefunikwa kakofia. Kwa sivetoni mkufu una kaboni 21: katikati kuna ile yenye oksijeni, kila upande wake kaboni 7 za kawaida, halafu kila mwisho kaboni 3 ambazo ndani yake mna tripo bondi, ile ya kaboni mbili zilizoshikana mara tatu, na molekuli yenye kitu hicho ndiyo tunaiita alkaini. Unatia katalisti, yaani kichochezi cha mmenyuko. Ncha mbili zinakutana, zile kofia mbili zinaondoka zimeshikana zenyewe kwa zenyewe kama gesi ya kaboni 4, na ncha zilizobaki zinashikana. 21 toa 4, unabaki na 17. Pete hiyo. Halafu unaongeza hidrojeni 2 tu, tripo inashuka kuwa dabo, na umepata sivetoni ile ile ya fungo bila kumgusa mnyama mkia.

Aliyeonyesha mara ya kwanza kwamba pete zinafungika hivi ni Alois Fürstner na mwenzake, 1998, pale taasisi ya Max Planck ya utafiti wa makaa, mji wa Mülheim, Ujerumani, na sivetoni ilikuwa miongoni mwa pete zao za mwanzo. Kwa hiyo Wajerumani wapo kweli. Ila hiyo ni kazi ya chupa ndogo za maabara, mama, viwanda vya manukato vilikuwa vinatengeneza harufu za jamii hii miaka mingi kabla. Akikupandishia bei kwa sababu ya Mülheim, mshushe.

SWALI: Mwalimu mambo. Niko mwaka wa tatu chuo hapa Dar. Lekchara wetu alitupitisha kwenye metathesisi ya dabo bondi, ile ya mwanakemia Robert Grubbs, ikaeleweka freshi, halafu akataja ya alkaini dakika mbili akaendelea. Mi sielewi kitu kimoja: kama mwisho wa safari nataka dabo bondi, kwa nini nihangaike kutengeneza tripo, nifunge pete kwa tripo, halafu nije niiue tripo iwe dabo? Si sawa na kutoka Mwenge kwenda Kariakoo kwa kupitia Mbagala? — Mdau wa kolamu

JIBU: Poa mdogo wangu. Na huyo lekchara dakika mbili kakuonea, hii mada ina utamu.

Metathesisi yenyewe kwanza kwa wale ambao hawakuwepo darasani. Chukua doti mbili za kanga, moja nyekundu moja ya bluu, kila doti ni vipande viwili. Fundi anazikata zote katikati, halafu anashona chekundu na cha bluu, chekundu na cha bluu. Vipande ni vile vile vinne, doti ni zile zile mbili, ila kila kipande kimepata mwenzake mpya. Ndiyo yote. Fundi hapa ni metali, kwenye alkaini mara nyingi molibdenumu au wolframi, ambayo nayo imeshikilia kaboni moja kwa tripo bondi. Inaikaribia alkaini, metali moja na kaboni tatu zinakaa mduara mdogo wa atomi 4 kwa muda mfupi sana, kisha mduara unafunguka kwa upande mwingine, na watu wameshabadilishana. Wafaransa wawili, Mortreux na Blanchard, walishafanya hivi ndani ya chupa mwaka 1974 kwa kabonili ya molibdenumu na fenoli, joto 160 °C, kupika hasa. Richard Schrock akaja 1981 na fundi wa wolframi ambaye tripo yake na kaboni unaiona wazi. Huyo Schrock ndiye aliyegawana Nobel ya 2005 na Grubbs na Chauvin, ila siku ile kila mtu alikuwa anaongelea dabo bondi tu.

Sasa Mbagala yako. Dabo bondi ndani ya pete ina sura mbili. Ama mikono yote ya pete inatokea upande mmoja, kama vishikio vya kikapu, tunaita Z, ama mmoja huku mwingine kule, tunaita E. Kwenye pete ndogo hakuna cha kuchagua, E haiingii. Kwenye pete kubwa, atomi 12, 16, 17, zote mbili zinakaa raha mustarehe, na katalisti ya kawaida ya dabo bondi haikuulizi unataka ipi. Mfano wa kuumiza roho ni epothiloni C, molekuli inayotokana na bakteria, pete ya atomi 16. Mwaka 1996 na 1997 vikundi vikubwa vilikimbizana kuitengeneza, wakafunga pete kwa dabo bondi, na wakapata mchanganyiko wa Z na E unaokaribia nusu kwa nusu. We fikiria. Umetoka mbali, hatua baada ya hatua, miezi imepita, kila gramu umeilipia kwa usingizi, halafu hatua ya kufunga ndiyo inakula nusu ya mzigo, na zile nusu mbili zinafanana kiasi kwamba kuzitenganisha kwenye kolamu, lile bomba la kuchujia mchanganyiko, ni machozi. Wewe unajiita mdau wa kolamu, utanielewa.

Tripo bondi haina hiyo habari. Imenyooka kama ufito, haina upande huu wala ule, kwa hiyo unapofunga pete hakuna sura ya kukosea. Ukishafunga ndiyo unakaa chini unaamua. Unataka Z? Unachukua katalisti ya Lindlar, ambayo ni paladiamu iliyopakwa juu ya kalsiamu kaboneti halafu ikatiwa risasi makusudi ili ilegee isimalize kila kitu, na yenyewe inaweka hidrojeni zote mbili kutoka upande mmoja, inasimama hapo. Z safi. Unataka E? Kikundi hicho hicho cha Mülheim kilionyesha mwaka 2013 kwamba rutheniamu ya aina fulani inaweka hidrojeni kwa pande mbili tofauti. Pete moja, chupa moja, sura uitakayo. Mwaka 2001 Fürstner na wenzake wakaifunga epothiloni C kwa alkaini, wakapitisha Lindlar, wakapata Z bila kugawana na mtu.

Nisikudanganye lakini, kambi ya dabo bondi haikulala. 2011 Schrock na Hoveyda wakaja na katalisti za kuchagua Z, na wakaifunga epothiloni C hiyo hiyo kwa dabo bondi, Z ikiwa nyingi kwa mbali. Kwa hiyo leo Mwenge kwenda Kariakoo moja kwa moja kunapitika kuliko zamani. Mimi bado nina mapenzi na alkaini, kwa sababu uamuzi wa sura nauweka mfukoni mpaka pete imeshafungwa, na kwa sababu ile tripo ukiwa nayo ndani ya pete unaweza kuigeuza vitu vingine kibao, si dabo bondi tu.

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mimi ni mtoto wa Kigoma, nipo Ulaya masters, sitaji chuo. Nimepewa mradi wa kufunga pete kwa alkaini. Nimejaribu mara tatu. Mara zote tatu nimepata kitu kama ulimbo, cha kahawia, kimegandia kwenye chupa. Spekta inaonyesha vilima vipana tu. Nilitumia alkaini yenye hidrojeni mwishoni maana ndiyo rahisi kununua, miligramu 100 ndani ya mililita 3 za kiyeyushi cha tolueni, nikafunga mfuniko nikaweka kwenye mafuta ya moto usiku kucha. Msimamizi wangu anasema sina mkono. Ni kweli sina mkono? — Ulimbo

JIBU: Marahaba kijana. Mkono unao, ila umeandika makosa matatu kwenye barua fupi namna hiyo, na yote yanatibika.

La kwanza ni hizo alkaini zenye hidrojeni mwishoni. Fundi wa molibdenumu akikutana nazo mara nyingi zinamuua, au anaanza kuziunga moja baada ya nyingine bila kuacha, ndiyo ulimbo wako huo. Kuna watu, Tamm na wenzake kule Braunschweig, Ujerumani, walitengeneza katalisti zinazozivumilia, lakini wewe anayeanza usitafute ushujaa. Weka kofia ya metili kila mwisho. Yaani badala ya ncha tupu uwe na kaboni moja zaidi. Ni hatua moja ya ziada na inaokoa mwezi.

La pili ni hiyo mililita 3, hapa nilicheka nikasikitika. Kufunga pete maana yake ncha ya molekuli ikutane na ncha yake yenyewe. Ukizijaza molekuli kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni, kila ncha itashika ya jirani kabla haijaiona ya kwake. Tupige hesabu kwa ule mkufu wa sivetoni nilioueleza hapo juu, uzito wake ni kama 302 kwa moli. Miligramu 100 ni milimoli 0.33. Watu wanafanya kazi kwenye milimoli 1 mpaka 20 kwa lita, hebu chukua 2. Hiyo ni kama mililita 165 za tolueni. Mia na sitini na tano, si tatu! Ndiyo, chupa kubwa kwa kitu kinachokaa kwenye ncha ya kijiko, utajisikia mjinga unapoimimina, imimine tu. Kuna kaunafuu kamoja: mchezo huu unaenda mbele na kurudi, kwa hiyo hata zile zilizoshikana na jirani zinaweza kukatwa tena na kurudi kuwa pete mradi fundi yuko hai. Ila fundi akishakufa umeganda na ulichonacho.

La tatu ni mfuniko. Ile gesi ya kofia mbili, butaini ya kaboni 4, inachemka kwenye 27 °C. Dar mchana inajiondokea yenyewe mezani. Wewe umeifungia ndani na pete yako, na kwa kuwa mchezo unarudi nyuma, inarudi inaifungua pete. Itoe. Zamani walikuwa wanaivuta kwa pampu au wanaiacha ichemke itoke, siku hizi wanatia ule unga wa kunyonya wenye vitundu vya angstromu 5, butaini inaingia humo haitoki. Unga uukaushe kwanza kwa moto na vakyumu, la sivyo umetia maji kwa mkono wako, na maji ndiyo adui namba moja wa hawa mafundi.

Kuhusu katalisti hukusema unatumia ipi. Kama maabara yenu haina kisanduku cha glavu, kile cha kufanyia kazi bila hewa, tafuta ile ya Mülheim ya molibdenumu yenye silanoli za fenili tatu, iliyoshikanishwa na fenanthrolini. Hiyo unaipima kwenye hewa ya kawaida kama unga wa ngano. Imelala. Unaiamsha kwa kuichemsha na kloridi ya manganizi ndani ya tolueni, 80 °C, kama nusu saa, manganizi inamnyang'anya fenanthrolini na fundi anaamka. Kuanzia hapo sasa hewa hapana, fanya chini ya gesi ya agoni. Au kama hela hakuna kabisa, rudi kwa wazee, kabonili ya molibdenumu na fenoli yenye klorini, inavumilia hata tolueni ambayo haikukaushwa kwa sala. Lakini ni joto la 130 na kitu, molekuli yako laini inaweza isipende, na inatoa monoksidi ya kaboni kwa hiyo usithubutu nje ya lile kabati la kufyonza hewa.

Na msimamizi mwonyeshe hesabu ya mililita 165, uone atasema nini.

SWALI: Je, naweza kutumia njia hii kufunga pete ya atomi 6? — Kifupi, Morogoro

JIBU: Hapana. Tripo bondi na majirani wake ni kaboni 4 zinazotaka kukaa kwenye mstari mmoja, mbao iliyonyooka, huwezi kuikunja iwe bangili ya mtoto. Pete ndogo kabisa yenye tripo ambayo unaweza kuiweka kwenye chupa ikatulia ni ya kaboni 8, na hata hiyo imenuna muda wote. Kwa kufunga na metathesisi njia inaanza kuwa ya raha kwenye atomi 12 hivi kwenda juu. Atomi 6 tumia dabo bondi, ndipo Grubbs anapotamba.

SWALI: Habari za kazi mwalimu. Mimi ni nesi Songea. Kwenye semina walisema kuna dawa ya saratani ya matiti inayotokana na udongo wa mto Zambezi, na mwenzangu mmoja mwenye digrii ya kemia akasema inatengenezwa kwa hiyo alkaini yenu. Ni kweli Zambezi ya huku kwetu? Na dawa ipo? — Sista wa Songea

JIBU: Nzuri sista. Zambezi ni kweli, ila si udongo unaotibu, ni bakteria aliyekuwa anaishi ndani yake. Wanasayansi wawili wa Braunschweig, Höfle na Reichenbach, walikuwa wanafuga bakteria wa udongo kutoka pembe mbalimbali za dunia, na mmoja, Sorangium cellulosum, sampuli ya kingo za Zambezi, akatoa epothiloni, ile pete ya atomi 16 niliyomweleza kijana wa Dar. Mwanzoni waliangalia inavyoua fangasi. Ilikuwa 1995 ndipo ikaonekana wazi kwamba inafanya kazi kama Taxol, dawa nyingine ya saratani: seli inapotaka kugawanyika inajenga vijiti fulani kisha inavibomoa, epothiloni inavigandisha visibomoke, seli inakwama katikati na kufa.

Mwenzako yuko nusu sahihi. Dawa ipo, inaitwa ixabepilone, Marekani waliiruhusu mwaka 2007 kwa saratani ya matiti iliyosambaa na ambayo dawa za kawaida zimeshindwa. Lakini haifungwi kwa alkaini. Bakteria wanafugwa kwenye matangi wanatoa epothiloni B, halafu wanakemia wanaibadilisha sehemu moja tu, pale pete inaposhikana kwa oksijeni wanaweka naitrojeni, ili mwili usiivunje upesi. Bakteria ni wa bei rahisi kuliko mwanafunzi wa PhD, samahani kwa wanaohusika.

Alkaini inaingia pale ambapo bakteria hawezi. Ukitaka epothiloni ambayo haijawahi kuwepo, umeongeza kaboni hapa, umegeuza kundi pale, ili uone ni sehemu gani ya pete inashika vile vijiti na ipi ni ya kubeba tu, bakteria hakusikilizi. Hapo unaijenga mwenyewe tangu mwanzo, na lazima uifunge. Na epothiloni ina kona yenye salfa na naitrojeni ambayo mafundi wa wolframi wa zamani walikuwa wanakwama hapo, ile molibdenumu ya Fürstner ikapita. Kikundi chake kilifanya hivyo hivyo kwa latrankulini, pete nyingine ya sponji wa Bahari ya Shamu anayetoa majimaji mekundu ukimkamua, samaki wakikutana nayo wanakufa. Walitengeneza ndugu wa latrankulini ambao sponji hana, wakawapima mmoja mmoja.

Kwa wagonjwa wako sista, hiyo ixabepilone ni ya sindano ya mshipa na ini lazima lipimwe kwanza, mtu mwenye ini bovu inaweza kumuua, kwa hiyo yeyote atakayekuja wodini na chupa ya "udongo wa Zambezi" mnyang'anye.